Spa ni nini, na mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anajifunza nini humo?

Msimu wa korosho ukipamba moto, mtu huinama tangu asubuhi akiokota. Jioni akinyanyuka, mgongo unagoma. Akifika nyumbani anaomba achuliwe kidogo kwa mafuta, au anachemsha maji ajikande, kisha kesho yake anarudi shambani.

Huko Ulaya, mtu aliyeshinda siku nzima akiteleza kwenye theluji mlimani naye hurudi na mgongo na mapaja yanayouma. Yeye huenda spa. Analala kwenye kitanda chenye shuka jeupe, anachuliwa, anaingia kwenye maji ya moto, anapumzika, na analipa fedha nyingi.

Wengi wetu tunaziona spa kwenye simu na kwenye tamthilia, na baadhi yetu tuna ndugu au jirani aliyeambiwa kuna kazi ya spa mjini au Uarabuni. Katika makala hii tunaeleza spa ni nini, inafanya kazi gani mwilini, kitu gani kati ya hivyo tayari tunacho nyumbani, na wapi joto na kuchua vinaweza kuumiza badala ya kuponya. Ukiwa na mama aliyejifungua karibuni nyumbani kwako, sehemu inayomhusu usiiruke.

NENO SPA LILITOKA WAPI

Spa ni jina la mji mdogo nchini Ubelgiji wenye chemchemi za maji ya madini. Kwa karne nyingi watu walisafiri kwenda kuyanywa na kuyaoga wakitafuta nafuu. Baadaye jina la mji likawa jina la mahali popote ambapo watu huenda kuoga, kuchuliwa na kupumzisha mwili.

Leo spa inaweza kuwa jengo kubwa lenye mabwawa ya maji moto, au chumba kimoja nyuma ya saluni. Kwa kawaida utakuta baadhi ya vitu hivi: chumba cha joto kavu kinachoitwa sauna, chumba cha mvuke, maji ya moto, maji ya baridi, kuchuliwa, kusuguliwa ngozi, na mahali tulivu pa kulala baada ya hayo yote.

KWA NINI SPA NA THELUJI HUENDA PAMOJA

Kuteleza kwenye theluji ni mchezo. Mtu hufunga miguuni vibao viwili virefu, hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha huteleza kuja chini. Anakuwa amekunja magoti muda wote, kwa hiyo mapaja na kiuno huchoka sana, na baridi ni kali. Jioni mwili unataka joto. Wenye hoteli waliliona hilo, wakajenga spa.

Katika sehemu nyingine maji ya moto yalitangulia na mchezo ukafuata. Mji wa St. Moritz nchini Uswisi ulijulikana kwa chemchemi yake ya madini karne nyingi kabla ya kuwa mji wa michezo ya theluji na kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928 na 1948. Leukerbad, pia Uswisi, maji hutoka ardhini yakiwa na joto linalofikia nyuzi 51.

Lakini si kila mahali maji hayo ni ya matajiri. Katika kijiji cha Nozawa Onsen nchini Japani, ambako pia watu huteleza kwenye theluji, kuna nyumba 13 za kuogea maji moto ya ardhini. Wanakijiji wenyewe ndio wanaozisafisha na kuzitunza. Nchini Finland, yenye watu kama milioni 5.5, kuna sauna zipatazo milioni 3, nyingi zikiwa majumbani mwa watu wa kawaida. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza sauna ya Finland kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Afrika nayo ina sehemu chache za mchezo huo: Oukaïmeden nchini Morocco, na Afriski katika milima ya Lesotho. Kwetu Tanzania hakuna. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni, lakini zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwishayeyuka. Wageni wanaoupanda hushuka mapaja yakiwaka moto, kwa sababu kushuka mlima huumiza misuli kuliko kupanda. Wengine hutafuta mtu wa kuwachua Moshi. Mpagazi aliyebeba mzigo wa hadi kilo 20 akiwasindikiza hurudi kwake, na huko dawa yake ni ileile ya kwetu: maji, mafuta na usingizi.

SPA ZA KISWAHILI ZA ZAMANI

Pwani yetu haikusubiri watalii ijue mambo haya. Kidichi, Unguja, kuna nyumba ya kuogea iliyojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Katika Mji Mkongwe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote waliolipa kiingilio. Ilikuwa na vyumba vya joto na vya baridi, na mtaa huo mpaka leo unaitwa Hamamni. Majengo yote mawili bado yapo na watu huenda kuyaangalia.

Wanawake wa pwani nao wana singo, mchanganyiko wa maua, karafuu na liwa ambao bibi harusi husuguliwa nao mwilini siku chache kabla ya harusi. Leo hoteli za kitalii Zanzibar huwauzia wageni huduma ya singo.

Maji moto ya ardhini tunayo pia: Songwe kule Nyanda za Juu Kusini, Utete wilayani Rufiji, na Amboni karibu na Tanga. Ya Amboni hunuka kama yai viza kwa sababu yana salfa. Wakulima wa mikorosho mnaijua salfa, lakini tahadhari: unga wa salfa unaopulizia mikorosho si wa kuogea wala kupaka. Unawasha macho, ngozi na kifua. Na si kila maji moto ya ardhini ni ya kuoga. Baadhi ya chemchemi, kama za Songwe, zina sehemu zinazoweza kukuunguza vibaya, kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kutia mguu.

MWILINI KUNATOKEA NINI

Kwanza, maumivu yenyewe. Ukifanya kazi nzito ambayo mwili haujaizoea, kama siku za kwanza za kulima, misuli hupata michubuko midogo sana ndani. Maumivu huja taratibu na huwa makali kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha yenyewe. Mwili unajitengeneza, na ukimaliza unakuwa na nguvu kuliko awali.

Joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza misuli iliyokaza. Ndiyo maana mgongo hupata nafuu ukiukanda. Lakini mishipa ikipanuka, presha hushuka. Anayetoka ghafla kwenye sauna au kwenye maji ya moto sana anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

Baridi hufanya kinyume: hubana mishipa na kupunguza uvimbe na maumivu. Ukienda Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa na kumwona mchezaji aliyeteguka akipuliziwa au kuwekewa kitu cha baridi, sababu ni hiyo.

Kuchua hupunguza maumivu kwa kiasi na hutuliza akili. Hakurudishi mfupa uliovunjika, na hakutibu ugonjwa wa ndani.

Kuna jambo moja linalotangazwa sana na si kweli: kwamba jasho la sauna au mvuke hutoa sumu mwilini. Jasho karibu lote ni maji na chumvi kidogo. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Ukipungua uzito baada ya mvuke, umepoteza maji, na yatarudi ukinywa. Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu ilikuwa kila kona ya nchi. Mvuke unaweza kumpa nafuu mwenye mafua yaliyoziba pua, lakini haukuthibitishwa kuwa tiba ya korona. Watu wengi huungua kwa kuwekewa sufuria inayochemka ndani ya blanketi. Mtoto asiwekwe kabisa kwenye nyungu.

UNACHOWEZA KUFANYA NYUMBANI BAADA YA SHAMBA

Huna haja ya hoteli. Fuata haya:

1. Kunywa maji kwanza. Ukitoka juani mwili umepungukiwa. Maji safi, uji mwepesi au dafu vinatosha. Pombe si maji, inazidi kukukausha.

2. Oga maji ya vuguvugu. Pima kwa kiwiko au kifundo cha mkono. Kama huwezi kuzamisha mkono ukahesabu mpaka kumi, maji hayo ni ya moto mno kwa ngozi ya mtu yeyote. Maji yenye nyuzi 60, ambayo bado hayajachemka, huunguza ngozi kwa sekunde chache tu.

3. Kanda mgongo kwa dakika 15 hadi 20. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, au chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye khanga. Usilale usingizi ukiwa umeegemea chupa hiyo.

4. Ukiteguka leo, anza na baridi. Siku mbili za mwanzo weka maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila mara. Joto lisubiri uvimbe upungue.

5. Chua taratibu. Mafuta ya nazi yanafaa, na ya ufuta pia. Ufuta huohuo tunaoupeleka mnadani, kule India mafuta yake yametumika kuchua mwili kwa karne nyingi. Lakini usipake kamwe mafuta ya ganda la korosho. Yana asidi inayounguza ngozi, na aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu anajua.

6. Kesho tembea. Zamani watu waliambiwa walale kitandani wiki nzima mgongo ukiuma. Siku hizi wataalamu wanashauri kuendelea na shughuli nyepesi, kwa sababu kulala muda mrefu hukaza mgongo zaidi.

7. Lala. Usingizi ndio wakati ambao mwili unarekebisha misuli.

Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa wanawake. Baba akirudi shambani hukaa kwenye mkeka akasubiri maji ya kuoga. Mama aliyekuwa naye shamba hilohilo anakwenda kuchota maji hayo, anapika, anaosha vyombo, analaza watoto. Mgongo wake haukupumzika. Kwenye spa, mteja analipia zaidi muda wa kulala bila kuitwa na mtu. Huo muda nyumbani haununuliwi, watu wanapeana. Baba au kijana mkubwa akichota maji na kuwasha moto jioni mbili tatu kwa wiki, mgongo wa mama utalijua hilo kabla ya mafuta yoyote.

MAMA ALIYEJIFUNGUA NA MAJI YA MOTO

Hapa tunaomba usome kwa makini, na msomee bibi au shangazi anayemwangalia mzazi.

Desturi ya kumpumzisha mzazi siku arobaini ni nzuri sana. Anapikiwa uji, anaogeshewa mtoto, hashiki jembe. Wataalamu wa afya wanakubaliana nayo. Tatizo ni kukandwa tumbo kwa maji yanayochemka, na kukalishwa kwenye beseni la maji ya moto sana kwa nia ya kutoa damu au kukausha kidonda.

Kizazi hurudi chenyewe. Hujibana kidogo kidogo na hurudi karibu na ukubwa wake wa kawaida ndani ya wiki sita hivi. Kumnyonyesha mtoto ndiko kunakokisaidia kujibana, na hiyo ndiyo sababu mama husikia tumbo likikata wakati mtoto ananyonya. Damu hupungua siku hadi siku. Maji ya moto hayaoshi kizazi kwa ndani, yanaishia kwenye ngozi. Ngozi ya tumbo na sehemu za siri ikiungua, kidonda huingia vijidudu. Aliyejifungua kwa upasuaji akikandwa, mshono unaweza kufumuka.

Mzazi aoge maji ya vuguvugu yanayotiririka, akaushe sehemu zenye mshono, abadilishe kitambaa mara kwa mara, ale vizuri na alale mtoto anapolala. Muuguzi anaweza kusugua tumbo kwa mkono saa za mwanzo baada ya kujifungua ili kuzuia damu kutoka nyingi. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, haifanani na kukanda.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya: damu inayolowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kumkanda kwa maji ukisubiri apate nafuu kunaweza kupoteza saa ambazo zingeokoa maisha yake.

WAKATI WA KUTOCHUA KABISA

Usimchue mtu, na usikubali kuchuliwa, katika hali hizi:

- Ameanguka kutoka kwenye mkorosho au bodaboda na ana maumivu ya mgongo, shingo au kiungo kilichopinda. Anaweza kuwa amevunjika. Asitikiswe, atafutiwe usafiri.
- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma bila kujigonga. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu.
- Mjamzito, sehemu ya tumbo. Kumgeuza mtoto kwa kubonyeza tumbo nyumbani ni hatari kwa mama na mtoto.
- Kuna jipu, kidonda, au ngozi iliyoungua.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kutumia joto kali. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza asisikie mguu unapoungua.

Na maumivu ya mgongo yanahitaji daktari iwapo miguu imekufa ganzi au imeishiwa nguvu, mkojo au haja kubwa havizuiliki, kuna homa au mwili unakonda bila sababu, au yamepita wiki sita bila nafuu.

UKIAMBIWA KUNA KAZI YA SPA

Kuchua ni kazi halali na yenye staha, na wapo Watanzania wanaoishi vizuri kwa kuifanya. Lakini neno spa hutumiwa pia na matapeli kuwavuta wasichana, ambao wakifika hukuta kazi nyingine kabisa, hunyang'anywa simu na pasi, na hushindwa kurudi. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008, na kumdanganya mtu kwa kazi ili umtumikishe ni kosa chini ya sheria hiyo, hata kama amesafirishwa ndani ya nchi tu.

Kabla ya kumruhusu binti au kijana kuondoka, uliza: anakwenda kwa nani, mtaa gani, mkataba uko wapi, mshahara ni kiasi gani? Kwa kazi ya nje ya nchi, hakikisha wakala amesajiliwa kwa kuuliza ofisi ya kazi ya serikali. Nakala za pasi na mkataba zibaki nyumbani. Anayekuambia usimwambie mtu, au uondoke usiku wa leo, huyo mkatae. Mkikuta mambo yamekwenda vibaya, toeni taarifa polisi bila kuona aibu.

KWA KIFUPI

Spa ya milima ya theluji na ndoo ya maji ya vuguvugu uani kwako zinategemea mambo yaleyale: joto la kiasi, mikono inayochua kwa upole, maji ya kunywa na muda wa kupumzika. Matatu ya kwanza tunayo. La nne tupeane. Na maji yanayochemka tuyaache jikoni, yasifike kwenye tumbo la mzazi.

Makala hii ni ya elimu na haichukui nafasi ya daktari. Ukiwa na dalili tulizozitaja, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe.